Malcolm X: Mfungwa na Barua Zilizomfikia

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Swahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zetu Waislamu, miongoni mwa mambo tunayoulizwa mara kwa mara ni hili: mtu ana ndugu au rafiki aliyefungwa jela, hana uwezo wa kumlipia wakili wala hana cheo cha kumwombea kwa wakubwa. Je, kuna lolote analoweza kumfanyia? Na je, kumwandikia barua kuna faida gani kwa mtu anayelala sakafuni na kula mlo usiotosha?

Tumeona tujibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja mashuhuri, ambaye sasa ni zaidi ya miaka 60 tangu afariki. Wengi wetu tunamjua kwa hotuba zake na kwa kifo chake. Wachache wanajua kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mfungwa mwenye nambari kifuani, na kwamba Allah alijaalia mabadiliko yake yapitie kwenye karatasi chache zilizotumwa kwa posta na ndugu zake wa tumbo moja. Mtu huyo ni Al-Haj Malik El-Shabazz, anayejulikana duniani kwa jina la Malcolm X.

Kuzaliwa na malezi yake

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska, nchini Marekani, akapewa jina la Malcolm Little. Baba yake, Earl Little, alikuwa mhubiri wa Kikristo na mfuasi wa Marcus Garvey, yule aliyewahimiza watu weusi kujitegemea na kuikumbuka Afrika. Mama yake, Louise, alitoka kisiwa cha Grenada. Nyumba ilikuwa na watoto wengi: Wilfred, Hilda, Philbert, Malcolm, Reginald na wadogo zao, pamoja na watoto wa baba wa ndoa ya kwanza, ambao miongoni mwao alikuwemo dada yao mkubwa Ella. Tunaomba msomaji ayashike majina haya, kwani ndiyo yatakayorudi baadaye.

Mwaka 1931, familia ikiwa imehamia Lansing, Michigan, baba alikufa kwa kukanyagwa na gari la reli za mjini. Familia iliamini kwamba aliuawa na wazungu wenye chuki. Mama akabaki na watoto katika miaka ya njaa kuu, mpaka akili yake ikachoka. Mwaka 1939 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa humo kwa zaidi ya miaka 20. Watoto wakagawanywa katika nyumba za watu.

Malcolm alikuwa hodari darasani, lakini aliacha shule mapema. Mwaka 1941 alikwenda Boston kuishi kwa Ella, kisha akahamia Harlem, New York. Huko aliingia katika kamari, bangi, ukuwadi na wizi. Mwezi Januari 1946 alikamatwa Boston alipokwenda kuchukua saa ya wizi aliyokuwa ameipeleka kwa fundi. Mwezi uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 8 hadi 10. Alikuwa hajatimiza miaka 21.

Gereza la Charlestown

Gereza alilopelekwa kwanza lilikuwa Charlestown, jimbo la Massachusetts, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Vyumba vyake havikuwa na maji ya bomba. Choo kilikuwa ni ndoo yenye kifuniko, iliyokaa humo humo alimolala mfungwa, na harufu ya ndoo za safu nzima ikajaa hewani usiku na mchana. Chumba kilikuwa chembamba kiasi kwamba mtu akilala kitandani aliweza kunyoosha mikono akagusa kuta zote mbili.

Malcolm aliingia humo akiwa na ghadhabu. Alimtukana Mungu na dini zote, hata wafungwa wenzake wakambandika jina la Shetani. Aliwatukana askari na kuacha kuitikia nambari yake, akapelekwa kwenye chumba cha adhabu mara kwa mara. Alitafuta kulewa kwa chochote kilichopatikana, ikiwemo kungumanga ya kusaga iliyoibwa jikoni na kukorogwa kwenye maji.

Dada yake Ella alikwenda kumtazama. Alimkuta amevaa nguo za jela zilizopauka, zenye nambari. Wote wawili walikosa la kusema, na Malcolm alisimulia baadaye kwamba alitamani dada yake asingekuja. Ella alimpelekea pesa kidogo, na pesa hizo Malcolm alizitumia kununulia vilevi kutoka kwa askari wala rushwa.

Hapa tusimame kidogo. Wapo miongoni mwetu waliomtembelea mfungwa mara moja, wakaona amenuna au wakasikia kwamba alichotumiwa amekiuza, wakaapa hawarudi tena. Ella hakufanya hivyo. Aliendelea kuhangaika, akawa anaandika na kufuatilia kwa wakubwa ili ndugu yake ahamishiwe gereza lenye nafuu. Jambo hilo lilichukua zaidi ya miaka miwili, lakini lilifanikiwa.

Barua za mwanzo

Barua za mwanzo zilizomfikia Malcolm hazikuzaa matunda yaleyale. Kaka yake Philbert, ambaye wakati huo alikuwa mfuasi wa kanisa moja huko Detroit, alimwandikia kwamba waumini wa kanisa lile watamwombea. Malcolm akamjibu kwa maneno machafu, ambayo alipoyakumbuka ukubwani aliona haya.

Dada yake Hilda alitumia njia nyingine. Malcolm alikuwa amemtumia kadi yenye mwandiko mbaya, hata Hilda akashindwa kuisoma vizuri. Hakumkaripia wala hakumhubiria. Alimshauri tu kwamba, kwa kuwa anao muda mwingi, ajifunze Kiingereza na mwandiko. Ulikuwa ushauri mdogo, wenye njia ya kuufuata. Wakati huohuo, mfungwa mwenzake mmoja aliyekuwa msomaji mkubwa na mwenye kuheshimiwa hata na askari, alimwambia kwamba ana akili, kwa hiyo aitumie. Malcolm akaanza masomo ya Kiingereza kwa njia ya posta.

Barua ya Reginald

Mwaka 1947 Malcolm alihamishiwa gereza la Concord. Kufikia hapo ndugu zake kadhaa walikuwa wamejiunga na jumuiya iliyoitwa Nation of Islam, iliyoongozwa na Elijah Muhammad. Elijah mwenyewe alikuwa ametoka kifungoni mwaka 1946, baada ya kufungwa kwa kukataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita. Philbert aliandika tena, safari hii akimweleza Malcolm kuhusu dini hiyo, na kwa mara nyingine akajibiwa kwa ukali.

Ndipo ndugu wakashauriana, wakampa kazi ile Reginald, mdogo wake. Walimchagua kwa sababu alikuwa ameishi na Malcolm mitaani Harlem na alijua namna kaka yake anavyofikiri. Reginald aliandika barua ya kawaida, imejaa habari za nyumbani: nani yuko wapi na nani anafanya nini. Mwishoni akaweka maagizo mafupi: asile tena nyama ya nguruwe na asivute tena sigara, naye atamwonyesha njia ya kutoka jela.

Malcolm alidhani ni hila ya kuwahadaa wakuu wa gereza, labda ya kujifanya mgonjwa. Kwa sababu alimwamini Reginald, alifuata. Alimaliza pakiti ya sigara aliyokuwa nayo na hakuvuta tena. Siku chache baadaye, mezani, sahani ya nyama ilipopitishwa na akaambiwa ni ya nguruwe, aliipitisha mbele bila kuchukua. Wafungwa wenzake walishangaa, na habari ikaenea gereza zima kwamba Shetani hali nguruwe. Malcolm alieleza baadaye kwamba alijisikia fahari isiyo ya kawaida. Baada ya miaka mingi ya kuambiwa asifanye hili na lile na askari, hapo kwa mara ya kwanza alijizuia mwenyewe.

Ndugu msomaji, angalia tofauti. Barua ya kwanza ilimwambia kwamba yeye ni mwenye dhambi wa kuombewa. Barua ya Reginald ilimpa habari za nyumbani, ikamchukulia kama mtu mzima mwenye uwezo wa kufanya jambo, kisha ikampa jambo dogo la kufanya siku ileile, ndani ya kuta zilezile.

Kalamu, kamusi na taa ya ukumbini

Mwezi Machi 1948, juhudi za Ella zilizaa matunda na Malcolm akahamishiwa Norfolk, gereza la majaribio ya marekebisho. Kila mfungwa alikuwa na chumba chake, choo kilikuwa cha maji, na kulikuwa na maktaba kubwa yenye maelfu ya vitabu, iliyoachwa wasia na tajiri mmoja aitwaye Parkhurst. Reginald alikuja kumtembelea na kumweleza alichokuwa akimaanisha kwenye barua. Hilda naye akaja kutoka Michigan, akamhimiza amwandikie Elijah Muhammad.

Malcolm aliketi kuandika ukurasa mmoja tu. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliurudia si chini ya mara 25, akijitahidi usomeke na ueleweke, na bado aliona haya kwa mwandiko na makosa yake. Elijah Muhammad alimjibu kwa barua iliyopigwa chapa, na ndani yake akaweka dola 5. Fedha ile ilikuwa ndogo, lakini kwa mtu ambaye serikali nzima ilikuwa imemwandika kuwa takataka, kujibiwa na kutiliwa kitu kwenye bahasha lilikuwa jambo kubwa.

Tangu hapo akawa mwandishi wa barua wa kila siku. Aliwaandikia Elijah na ndugu zake. Aliwaandikia pia marafiki wa zamani wa mitaani, wacheza kamari na wauza bangi, akiwaeleza imani yake mpya, na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Mwaka 1950 alimwandikia hata Rais Truman wa Marekani kupinga vita vya Korea.

Barua hizi ndizo zilizomfanya awe msomi. Alikuwa anajua anachotaka kusema, lakini maneno hayakutosha. Kwa hiyo aliomba kamusi, madaftari na penseli kutoka shule ya gereza, akaanza kunakili kamusi ukurasa kwa ukurasa, pamoja na alama zake zote. Ukurasa wa kwanza ulimchukua siku nzima. Kisha akaingia maktaba, akasoma historia, falsafa na habari za utumwa. Saa 4 usiku taa za vyumba zilipozimwa, mwanga kidogo uliingia kutoka ukumbini. Alikaa sakafuni karibu na mlango akasoma humo. Askari alipita kila saa. Akisikia hatua, Malcolm aliruka kitandani na kujifanya amelala, kisha akarudi kwenye kitabu mpaka saa 9 au 10 alfajiri. Macho yake yaliharibika, ndiyo maana picha zake nyingi mashuhuri zinamwonyesha amevaa miwani.

Kupiga magoti kulikuwa kuzito zaidi kwake kuliko kusoma. Mtu aliyezoea kuinama pale tu anapovunja kufuli ya nyumba ya watu, ilimchukua muda mrefu kuinama kwa ajili ya Mola wake.

Mwezi Machi 1950 alirudishwa Charlestown, kule kwenye ndoo. Safari hii hakurudi yule Shetani. Yeye na wenzake wachache waliomba vyumba vinavyoelekea mashariki ili waelekee Makka, na magazeti ya Boston yaliandika kwamba walikubaliwa. Jela ilikuwa ni ileile, na maji ya bomba hayakuwemo, lakini mtu alikuwa mwingine.

Batili iliyochanganyika na haki

Ni amana juu yetu kueleza jambo hili wazi. Nation of Islam ya wakati ule ilikuwa na itikadi zinazopingana na Uislamu. Walidai kwamba Mungu alikuja kwa umbo la mtu, kwamba Elijah Muhammad ni mtume, na kwamba wazungu wote ni mashetani kwa maumbile yao. Haya ni batili, na kila Mwislamu anajua kwamba Muhammad (S.A.W.) ndiye mwisho wa Mitume.

Kwa hiyo barua zilizomfikia Malcolm zilimletea kheri na makosa ndani ya bahasha moja. Zilimtoa kwenye nguruwe, sigara, ulevi na wizi, na zikampa mafundisho ambayo alihitaji miaka mingi kuyaacha. Mfungwa aliyetengwa humwamini anayemkumbuka. Akikumbukwa na mwenye elimu sahihi, hupokea elimu sahihi. Akikumbukwa na mwingine, hupokea alicho nacho huyo mwingine. Tukilalamika kwamba vijana wetu walioko jela wameharibiwa na mafundisho potofu, tujiulize kwanza ni barua ngapi zimetoka msikitini kwetu kwenda kwao.

Jambo lingine la kusikitisha ni yaliyompata Reginald. Jumuiya ilimwadhibu na kumtenga kwa kosa la kimaadili. Malcolm, angali kifungoni, alimwandikia Elijah kumtetea ndugu yake. Alipojibiwa kwa kukaripiwa, alikubali hukumu ya kiongozi wake na akampa mgongo Reginald, ambaye baadaye alipatwa na maradhi ya akili. Yule aliyeandika barua iliyobadilisha kila kitu, siku alipohitaji yeye kushikwa mkono, hakushikwa.

Kutoka, na kuwarudia waliobaki

Malcolm aliachiliwa kwa masharti tarehe 7 Agosti 1952, baada ya zaidi ya miaka 6. Ili mfungwa aachiliwe namna hiyo alihitaji mahali pa kukaa na kazi ya kufanya. Kaka yake Wilfred, aliyekuwa meneja wa duka la samani Detroit, alimpokea nyumbani na duka likamwajiri. Hilda alimpa pesa za kuanzia. Vitu vitatu alivyonunua kwanza vilikuwa miwani nzuri zaidi, sanduku la safari na saa ya mkono.

Aliliacha jina la Little, ambalo babu zake walipewa na waliowamiliki, akaweka herufi X badala yake. Mwaka 1954 alipewa uongozi wa hekalu la Harlem, na mwaka 1958 alimwoa Betty. Jumuiya ilikua kwa kasi kubwa, na wengi waliojiunga walitoka jela kama yeye.

Hakuwasahau aliowaacha ndani. Kufikia miaka ya 1960, wafungwa Waislamu katika majimbo kadhaa ya Marekani walikuwa wakinyimwa misahafu, wakizuiwa kukusanyika kwa ibada na kutupwa kwenye vyumba vya adhabu kwa sababu ya dini yao. Mwaka 1962 Malcolm alisimama katika mahakama mjini Buffalo, New York, kutoa ushahidi katika kesi ya wafungwa Waislamu wa gereza la Attica. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mfungwa wa Illinois aitwaye Thomas Cooper, iliamua kwamba mfungwa anaweza kuwashitaki wakuu wa gereza kwa kumnyima haki ya dini yake. Mwislamu yeyote anayesoma msahafu ndani ya jela ya Marekani leo anafaidika na kesi hizo.

Hija, na safari ya Afrika Mashariki

Mwezi Machi 1964 Malcolm aliachana na Nation of Islam. Mwezi Aprili, sawa na Dhul-Hijja 1383, alikwenda kuhiji. Jeddah alizuiwa kwanza, mpaka Uislamu wake uhakikiwe, na hapo akatambua kwamba yeye, aliyejulikana Marekani nzima kuwa kiongozi wa Waislamu, hakujua kuswali sawasawa. Alijifunza kama mtoto, vifundo vya miguu vikamuuma kwa kikao cha tahiyatu.

Huko Makka alikula sahani moja na kulala chini ya paa moja na mahujaji wa kila rangi, weupe kwa weusi, wote ndani ya ihramu. Itikadi ya kwamba wazungu wote ni mashetani ikamtoka. Naye alifanya nini? Alishika kalamu. Aliandika barua kwa mkewe, kwa dada yake Ella na kwa wasaidizi wake, akiwaeleza kwamba ameona undugu ambao hakuuamini kuwa unawezekana. Ella ndiye aliyempa fedha za safari ile. Dada aliyekosa la kusema mbele ya nguo zenye nambari mwaka 1946 ndiye aliyempeleka Makka mwaka 1964.

Mwaka huohuo alifika kwetu. Mwezi Oktoba 1964 alikuwa Dar es Salaam, akakutana na Rais Julius Nyerere na Abdulrahman Mohamed Babu, kisha akaenda Kenya. Mwezi Desemba, Babu alipokuwa New York, Malcolm alimkaribisha kuzungumza mbele ya watu wa Harlem.

Kifo chake, na wafungwa wengine wawili

Tarehe 21 Februari 1965, akiwa na miaka 39, alipigwa risasi mbele ya mkewe na binti zake katika ukumbi wa Audubon, New York. Innaa liLlahi wa innaa ilayhi raji'un. Betty alikuwa na mimba ya mapacha. Alikafiniwa kwa sanda nyeupe, akaswaliwa, na makaburini marafiki zake waliwapokonya wachimbaji makoleo wakamfukia kwa mikono yao wenyewe. Kitabu cha maisha yake alichomsimulia Alex Haley kilitoka mwaka huohuo, na tangu hapo kimesomwa na wafungwa wasiohesabika.

Kisa chake cha jela hakikuishia hapo. Watu watatu walihukumiwa kwa mauaji yale mwaka 1966. Wawili kati yao, Muhammad Aziz na Khalil Islam, walikana siku zote, na hata yule wa tatu aliyekiri alisema kwamba wao hawakuhusika. Kila mmoja wao alikaa jela takriban miaka 20, sehemu ya muda huo katika upweke wa chumba cha adhabu. Mwezi Novemba 2021 mahakama ya New York ilifuta hatia yao. Aziz alikuwa na miaka 83. Khalil Islam alikuwa amekwisha fariki tangu mwaka 2009, hakuisikia hukumu ile kwa masikio yake.

Tunalitaja hili ili asije mtu akasema kwamba aliyefungwa amejitakia mwenyewe. Wapo wenye hatia, kama alivyokuwa Malcolm, na wapo wasio na hatia, kama hawa wawili. Barua yako haihitaji kwanza kujua ni yupi kati yao.

Tunachojifunza

Ndugu zetu, katika Surat Al-Insan Allah amewasifu wanaomlisha masikini, yatima na mateka, na baadhi ya wafasiri wamesema kwamba mateka wa siku zile walikuwa makafiri. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kumkomboa mateka, kumlisha mwenye njaa na kumzuru mgonjwa. Na katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), yule mfungwa mwenzake aliyetoka alisahau kumtaja kwa bwana wake, na Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa. Kusahauliwa ni sehemu ya adhabu ya jela, na ni sehemu ambayo sisi tulioko nje ndio tunaoiongeza au kuipunguza.

Kwa anayetaka kumwandikia ndugu au rafiki aliyefungwa, maisha ya Malik El-Shabazz yanatupa mafunzo haya.

Kwanza, andika habari za nyumbani kabla ya mawaidha. Mwambie mvua imenyesha, mtoto ameanza shule, jirani anamsalimu. Mawaidha yatafuata, na yawe mafupi, yenye jambo moja analoweza kulifanya leo.

Pili, usikate barua kwa sababu ya jibu baya au ukimya. Philbert alitukanwa mara mbili. Ella alisubiri miaka.

Tatu, fuata kanuni za gereza lile. Barua hufunguliwa na kusomwa na wakuu. Usiandike la kumletea matatizo, usizungumzie kesi yake bila idhini ya wakili, na usipenyeze kitu kilichokatazwa kwa hoja kwamba unamhurumia.

Nne, usiahidi usichoweza kutimiza. Mfungwa huhesabu siku, na ahadi iliyovunjwa humuumiza kuliko njaa. Kama unaweza kuandika mara moja kwa mwezi, sema hivyo, kisha timiza.

Tano, akilalamika kuhusu mateso, maradhi au njaa, usimwambie asubiri tu. Sabri ni wajibu wake, na wewe wajibu wako ni kuyafikisha malalamiko yake kwa mkuu wa gereza, wakili, daktari au wazee wa msikiti, kwa njia ya sheria na kwa ukweli usioongezwa chumvi.

Sita, jiandae kwa siku atakayotoka. Barua zote za Wilfred na Hilda zingekuwa pungufu kama siku ya 7 Agosti 1952 kusingekuwa na kitanda, kazi na pesa kidogo mfukoni.

Na misikiti yetu ifanye jambo hili kuwa la jamaa nzima. Imamu na wazee wajue majina ya waumini waliofungwa, wagawane zamu ya kuwaandikia na kuwazuru, na wasiwasahau wake na watoto waliobaki nyumbani. Anayeandika naye aangaliwe, asije akachoka peke yake kama Reginald.

Tunamuomba Allah amrehemu ndugu yetu Malik El-Shabazz, amsamehe aliyoyakosea na amkubalie Hija yake. Tunamuomba awafariji wafungwa wote wanaodhulumiwa, awaongoze wenye makosa kwenye toba, awakutanishe na jamaa zao kwa kheri, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowakumbuka. Amin.

Wallahu a'lam.